Mzigo wa Mtoto wa Shule: Wajibu wa Halmashauri na Wetu

Somo kwa wainjilisti, wazee wa sharika na wazazi

Somo la mwezi huu halifafanui sura moja ya Maandiko tangu mwanzo hata mwisho, bali lahusu jambo lililo mlangoni mwetu katika wilaya za Masasi na Newala. Twataka kuuliza hivi: ikiwa Serikali imekwisha kuondoa ada, ni kitu gani tena kinachomrudisha mtoto nyumbani? Na wenye mamlaka walio karibu nasi, yaani halmashauri, kata na serikali ya kijiji, waweza kufanya nini ili mtoto wa maskini asome sawasawa na mtoto wa mwenye mali? Someni kwanza Nehemia 5:1–19 na Kumbukumbu la Torati 14:28–29, kisha mwendelee.

Madiwani walioandikiwa barua

Mwaka 1524 Dr. Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji yote ya Ujerumani barua ndefu, akiwasihi waanzishe shule za Kikristo na kuzitunza. Angalieni barua hiyo ilipelekwa kwa nani. Haikupelekwa kwa maaskofu, wala kwa wazazi peke yao, bali kwa madiwani, watu wanaokaa barazani na kugawa fedha za mji. Sababu yake ilikuwa wazi. Shule za watawa zilikuwa zikifungwa. Wazazi wengi hawakuona tena faida ya kumpeleka mtoto shuleni. Wengine walitaka lakini hawakuwa na uwezo. Na tena walikuwako yatima, ambao hawakuwa na mzazi wa kutaka wala kukataa. Basi Luther akawauliza madiwani neno ambalo hata leo ni gumu kulijibu: ikiwa mji hutoa fedha nyingi kila mwaka kwa ajili ya silaha, na barabara, na madaraja, ili watu wake wakae kwa amani, mbona usitoe kadiri hiyo kwa ajili ya vijana wake maskini?

Mwaka 1530, alipokuwa akikaa katika ngome ya Coburg, aliandika hotuba nyingine ya kuwahimiza wazazi wasiwatoe watoto shuleni. Humo alinena kwa ukali, ya kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kuwalazimisha raia kuwapeleka watoto shule, kama wanavyowalazimisha kushika silaha wakati wa vita. Wako wapendao kulikumbuka neno hilo la kulazimisha, na kuliacha lililofuata. Maana Luther alisema pia kwamba ikiwa baba ni maskini, mali ya kanisa itumike kumsaidia mtoto wake. Shurti na msaada vilikwenda pamoja. Naye alijua alilolisema, kwa kuwa katika hotuba hiyo hiyo aliwakumbusha watu ya kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, hasa mjini Eisenach, alipita mlango kwa mlango akiomba mkate.

(Na hapa nikumbushe jambo dogo. Neno letu hili “shule” limetoka katika lugha ya Luther. Watu wa Unguja husema “skuli”, waliyoipata kwa Waingereza. Sisi wa bara tumeshika neno la Wajerumani. Basi deni letu kwake si la mafundisho tu.)

Kabla ya barua hiyo, mwaka 1523, usharika wa mji mdogo wa Leisnig ulikuwa umekwisha kufanya agano pamoja na baraza la mji. Waliweka sanduku moja la fedha za wote. Wasimamizi wake walikuwa watu kumi: wawili wa jamaa za kabaila, wawili wa baraza, watatu wa wenyeji wa mjini, na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne zenye funguo mbalimbali, na kila kundi lilishika ufunguo wake, hata asiweze mtu yeyote kulifungua peke yake. Humo ndimo ulimotoka mshahara wa mchungaji na wa mwalimu wa shule, na wa mwanamke mwenye heshima wa kuwafundisha watoto wa kike, na riziki ya yatima na wazee, na akiba ya nafaka kwa mwaka wa njaa. Luther aliusifu mpango huo akauchapisha. Lakini tusidhani kwamba mambo yalikwenda bila taabu. Baraza la mji lilikawia kuzitoa mali zilizopaswa kutiwa katika sanduku, hata ikambidi Luther aende Leisnig mwenyewe, na kumwandikia mtawala Frederick awaharakishe. Kuandika mpango kumekuwa rahisi kuliko kutoa fedha tangu zamani.

Masasi na Newala zamani

Katika nchi yetu shule zilitangulia halmashauri. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Universities' Mission aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, wakakaa chini ya ile milima ya mawe, na kazi ya kanisa na shule ikaanza. Mwaka 1882 Magwangwara waliushambulia mji wa misheni wakaua na kuteka watu. Na kwa sababu hiyo Chauncy Maples akahamia Newala, karibu na Matola, mfalme wa Wayao. Baadaye Wabenedikto walikuja Lukuledi na Ndanda. Sisi Walutheri tulichelewa kufika nchi hizi, na hata leo tu wachache kati ya Waanglikana, Wakatoliki na ndugu zetu Waislamu. Twasema haya ili ijulikane kwamba tunapozungumza juu ya watoto wa shule, hatuzungumzi juu ya watoto wa usharika wetu tu. Darasani hukaa benchi moja mtoto wa kwaya yetu na mtoto wa imamu, na mchango ukikosekana hurudishwa nyumbani wote wawili kwa njia moja.

Kumbukeni tena kwamba Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938 kijijini Lupaso, wilaya ya Masasi, akasoma shule ya kijijini kabla ya kwenda Ndanda. Naye alipokuwa Rais, mwaka 2001, ada ya shule za msingi iliondolewa kwa mara ya pili. Kwa maana ilipata kuondolewa katika miaka ya 1970, kisha michango ya wazazi ikarudishwa mwaka 1984, mambo ya uchumi yalipokuwa magumu. Matunda yalionekana upesi. Katika Tanzania nzima wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2006 walikaribia milioni 8. Wale waliozidi hawakuwa wajinga wa thamani ya kusoma siku zote zile. Walikuwa nje kwa sababu ya fedha.

Ada imeondoka, gharama imebaki

Mwezi wa Novemba 2015 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5, na tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa tangu elimu ya awali hata kidato cha nne. Mwaka 2022 ikatangazwa kuondolewa ada ya kidato cha tano na cha sita. Haya ni mema makubwa, nasi hatuna budi kumshukuru Mungu kwayo, na kuiombea Serikali kama tulivyofundishwa katika maelezo ya Katekisimu Ndogo juu ya mkate wa kila siku, ambamo Luther ameuhesabu utawala mwema pamoja na chakula na mavazi.

Lakini waraka uliofuata mwaka 2016, ulioeleza wajibu wa kila mtu, uliwaachia wazazi sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa. Kwa mtu mwenye mshahara mambo hayo ni madogo. Kwa bibi anayelea wajukuu wanne juu ya mlima wa Makonde si madogo hata kidogo.

Na shule nayo ina shida zake. Ruzuku ya Serikali iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, kiasi kilichokadiriwa tangu mpango wa mwaka 2002; katika hizo, 4,000 zilitengwa kwa vitabu, na 6,000 zilipelekwa shuleni. Fanyeni hesabu. Shule yenye watoto 400 hupata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, maana yake 200,000 kwa mwezi. Kwa hizo mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi, achapishe mitihani, atengeneze mlango uliovunjika, apeleke ripoti wilayani, na kuwapeleka watoto michezoni. Thamani ya shilingi 10,000 ya mwaka 2002 si ile ya leo, na jambo hilo kila aendaye sokoni analijua. Basi fedha zikipelea, mwalimu mkuu huitisha kikao, na kikao huzaa mchango: wa mlinzi, wa maji, wa mtihani wa majaribio. Mwezi wa Januari 2018 Rais Magufuli alikemea sana watoto kurudishwa kwa ajili ya michango, akawakataza walimu kushika fedha hizo. Katazo hilo lilikuwa la haki, lakini katazo peke yake halinunui chaki. Ndipo inapoingia kazi ya halmashauri.

Tuitembee siku ya mtoto

Mjini Glasgow, katika Uskoti, chama kiitwacho Child Poverty Action Group kilianza mwaka 2014 kazi ya kuichunguza siku ya mwanafunzi tangu asubuhi hata jioni, wakiwauliza watoto wenyewe na walimu wao ni wapi panapodaiwa fedha. Nchi ile ni tajiri, na shule za umma hazina ada. Hata hivyo waliona mtoto maskini anafungiwa njia mahali pengi. Walipokwisha kuona, waliweza kuwaambia wakuu wa mji: hapa na hapa paondolewe. Njia hiyo yafaa kwetu pia, wala haihitaji wataalamu. Na tuitembee sasa siku ya mtoto wa kijiji kimoja cha Newala.

Alfajiri anaamka. Ana sare moja, imefuliwa usiku, bado mbichi. Rangi ya sketi ni ile iliyochaguliwa na shule yake, na sweta lina nembo. Nguo hizo haziuzwi gulioni bali kwa fundi mmoja tu, naye ajua kwamba ni peke yake. Hapa halmashauri yaweza kusaidia pasipo kutoa hata senti moja: iagize kwamba shule zote za msingi zivae rangi moja, isiyo na nembo, ili mtoto arithi nguo ya kaka yake hata kama amehamia shule nyingine, na ili mama aweze kununua kitambaa popote na kushona. Isiruhusu pia kubadili sare kila ajapo mwalimu mkuu mpya. Huko Busia, nchini Kenya, wachunguzi waliwapa watoto sare bure, na utoro ukapungua, hasa kwa wale ambao mwanzo hawakuwa nayo kabisa. Basi nguo si jambo la pambo. Mtoto anayeaibika nguo yake hujificha.

Akitoka nyumbani huchukua dumu la maji. Juu ya mlima hakuna kijito. Maji husukumwa kwa mitambo kutoka bondeni, au hukingwa mapaani mwa nyumba wakati wa mvua na kutunzwa visimani. Bomba likikauka, maji hununuliwa kwa ndoo, na mtoto aliyekuja bila maji huadhibiwa. Watu wengi hawaiiti hiyo gharama. Lakini ndoo imenunuliwa, nayo imenunuliwa kwa fedha. Paa la bati la shule yenye vyumba saba hukusanya maji mengi sana kwa masika moja, ikiwa yako mabomba ya kuyakinga na tangi la kuyatunza. Tangi hujengwa mara moja tu, nalo latosha kuondoa deni la kila siku kwa miaka mingi.

Darasani mwalimu ataka daftari la kila somo. Wiki moja kabla ya likizo ataka na fedha ya mtihani. Hapa nina neno la kusema waziwazi: kumtoa mtoto nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ya gharama ya karatasi ni jambo ambalo halmashauri ingeweza kulikomesha kwa barua moja na mashine moja ya kuchapia iliyowekwa kila kata. Mitihani ya majaribio huandaliwa kwa amri ya wakubwa; basi anayeagiza ngoma ndiye awalishe wapigaji.

Saa sita mchana. Hapo ndipo penye tatizo kuu, nasi tutakaa kidogo. Mtoto aliyekula kiporo cha muhogo alfajiri, au asiyekula kitu, hawezi kusikia hesabu saa saba. Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa juu ya chakula cha wanafunzi, nao waweka mzigo mkubwa juu ya wazazi na jumuiya. Vijiji vingi hudai chakula kwa fedha, kiasi fulani kila mwezi. Kwa watu wetu hilo ni kosa la majira. Mkulima wa Newala na wa Masasi hana mshahara wa mwezi. Fedha huja mara moja, korosho zikiuzwa mnadani kuanzia mwezi wa Oktoba. Chakula huja mwezi wa Mei na wa Juni, mahindi, choroko na muhogo vikivunwa. Mwezi wa Februari nyumba nyingi hazina chakula wala fedha, na huo ndio mwezi ambao shule hudai zaidi. Basi kijiji kidai debe la mahindi au la makopa ya muhogo wakati wa mavuno, na kulitunza katika ghala ya kijiji. Someni tena Kumbukumbu la Torati 14:28–29: zaka ya mwaka wa tatu haikupelekwa mbali, iliwekwa malangoni pa mji wenyewe, ili yatima na mjane na mgeni wale washibe. Na katika agano la kijiji iandikwe tangu mwanzo ni nyumba zipi zisizodaiwa, na debe lao litatoka wapi. Pasipo neno hilo, ghala itakuwa mlango mwingine wa kumfungia mtoto nje, maana tumesikia mahali ambapo watoto wa waliotoa hupewa uji na wengine huketi kando wakitazama. Heri shule isiyopika kabisa kuliko ile inayopika namna hiyo.

Jioni mtoto wa shule ya msingi hurudi nyumbani. Yule wa sekondari huenda asirudi. Shule za sekondari za kata ziko, lakini kata ni pana, na wako wanaotembea mwendo mrefu, na wako wanaopanga chumba karibu na shule, watoto wa miaka kumi na minne wakijipikia wenyewe. Chumba hulipiwa, na msichana asiye na kodi yuko katika hatari ambayo kila mzazi aijua. Hosteli moja ya wasichana iliyojengwa kwa fedha za halmashauri huondoa gharama na hatari pamoja. Sidhani kama kuna jengo jingine lenye faida kuliko hilo katika wilaya zetu.

Fedha zitatoka wapi?

Wengine watasema: halmashauri ni maskini. Tuangalie. Nchi yetu ina mikorosho. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2017 iliweka ushuru wa mazao ya biashara kuwa asilimia 3 ya bei, na ushuru huo ni wa halmashauri. Korosho ikiuzwa shilingi 4,000 kwa kilo, kama ilivyopita kiasi hicho katika minada ya Oktoba 2024, ushuru wake ni shilingi 120. Tani 1,000 huleta milioni 120. Tuseme baraza la madiwani likate shauri kwamba sehemu moja ya kumi ya ushuru huo iwe kwa watoto wasio na uwezo: kwa kila tani 1,000 zitapatikana milioni 12. Na tuseme sare na madaftari ya mtoto mmoja ni shilingi 25,000. Watavikwa watoto 480. Masasi na Newala kuna halmashauri nne sasa, mbili za wilaya na mbili za mji, na tani zake ni nyingi kuliko elfu moja.

Lakini bei ya korosho si mwamba. Misimu michache kabla ya 2024 bei ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Na mwaka 2018 wanunuzi waligoma, Serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na wakulima wengi wakangoja fedha zao muda mrefu. Kwa hiyo yafaa mfuko wa halmashauri uweke akiba mwaka wa neema kwa ajili ya mwaka wa dhiki, kama Yusufu alivyofanya Misri. Mfuko unaotumia yote mwaka huu utawaacha watoto njiani mwaka ujao, nao watakuwa kidato cha pili au cha tatu, ambapo kurudi ni vigumu.

Wako wanaopendekeza kwamba mkulima akatwe shilingi kadhaa kwa kila kilo katika chama cha msingi kwa ajili ya elimu. Mimi sikubaliani, isipokuwa mkutano mkuu wa wanachama umeamua wenyewe kwa hiari. Mkulima wetu amekwisha kukatwa mara nyingi, naye akiona makato mapya huuliza yale ya zamani yalikwenda wapi. Kwanza halmashauri itumie ushuru ulio mkononi mwake.

Shule nyingi zina mikorosho yake. Hiyo nayo ni hazina, ikiwa hesabu yake inasomwa mbele ya wazazi kila mwaka, kilo na shilingi. Halmashauri iwape miche bora na salfa kwa wakati. Lakini watoto wasipewe kazi ya kupuliza salfa. Vumbi lake huumiza macho na kifua, nayo ni kazi ya watu wazima.

Juu ya faini

Sasa nitasema juu ya jambo ambalo wazee wa kijiji huliona rahisi kuliko yote. Mtoto asipofika shule, mzazi huitwa barazani, hutozwa faini, au hutishwa kwa kifungo. Sheria yasimama, wala hatusemi ivunjwe. Wako wazazi wanaowaozesha binti zao kwa tamaa. Wako wanaouza korosho, wakazimaliza fedha katika ngoma ya jando na unyago ya siku saba, na Januari wakasema hawana daftari. Askofu Vincent Lucas wa Masasi hapo zamani hakuikataza jando bali aliifanyia utaratibu wa Kikristo; nasi twaweza kuwaambia watu wetu kwamba sherehe ipimwe baada ya shule kuhesabiwa, na ifanyike likizoni. Mzazi wa namna hiyo na aitwe barazani.

Lakini kuna mjane asiyekuwa na mkorosho hata mmoja. Kumtoza huyo faini ya shilingi 50,000 kwa sababu amekosa sare ya 25,000 ni kumfunga mtu miguu kisha kumpiga kwa kuwa hatembei. Nehemia aliposikia kilio cha watu walioweka rehani mashamba na watoto wao, hakuanza kwa kuwapiga wenye deni. Aliwaita wakubwa kwanza, akawakemea mbele ya mkutano mkubwa, mashamba yakarudishwa; na yeye mwenyewe, muda wa miaka kumi na miwili, hakuila posho ya liwali iliyokuwa haki yake. Basi kila baraza kabla ya kutoza faini liulize maneno mawili: Je, mzazi huyu aweza? Na kama hawezi, sisi tumemfanyia nini?

Kazi ya usharika

Kuna hatari ya sisi kuwanyoshea madiwani kidole na kukaa kitako. Luther alitaja mali ya kanisa kabla ya kutaja mali nyingine. Sadaka ya mavuno inapoletwa, mbuzi na magunia yakapigwa mnada baada ya ibada, sehemu yake yaweza kutengwa kwa madaftari ya Januari. Nayo isitolewe kwa kumsimamisha mtoto mbele ya usharika apigiwe makofi. Mpeni bibi yake kwa siri. Pia mtoto wa Mwislamu jirani asiulizwe dini yake.

Tena mwinjilisti ni mtu anayeingia nyumba zote. Yeye ajua ni nani aliye na haja kweli na ni nani anayejifanya. Orodha za wasio na uwezo mara nyingi huharibika kwa kuwa huandikwa na mtu mmoja ofisini, na jamaa zake hujikuta humo wa kwanza. Kumbukeni funguo nne za Leisnig. Orodha ya kijiji chetu iandikwe na watu wa pande nyingi: mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, mwinjilisti au padri, imamu, na akina mama wawili, kisha isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu. Atakayetaka kupinga jina apinge hapo hapo.

Basi twaomba kila usharika ufanye kazi hii kabla ya toleo lijalo. Wainjilisti wakae na wazee na wazazi wachache, wachague darasa moja la shule iliyo karibu, waitembee siku ya mtoto kama tulivyofanya hapa, na kuandika kwa shilingi kila kilichodaiwa tangu Januari: nguo, daftari, ndoo ya maji, karatasi ya mtihani, uji. Wasiandike wanayoyadhani, bali wawaulize watoto. Wajumlishe kwa mtoto mmoja, kisha wahesabu ni wangapi darasani ambao nyumba zao haziwezi. Karatasi hiyo wapewe kamati ya shule na mwenyekiti wa kijiji, nayo ipelekwe kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa diwani mkononi. Wasiichelewe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla, na bajeti ikiisha kupita barazani, diwani ajapo kuisoma karatasi yenu kwa machozi hatakuwa na fungu la kutoa.